Mshipa ukizibwa, damu ya mguuni haikosi njia

Wengi wenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizovimba miguuni huogopa matibabu kwa sababu wamesikia tangu zamani kwamba mshipa ukizibwa, damu itakosa pa kupita na mguu utaharibika. Sivyo. Takriban asilimia 90 ya damu inayorudi kutoka mguuni hupita kwenye vena za ndani, katikati ya misuli. Zile za karibu na ngozi hubeba kidogo tu, na zikishavimba hata kazi hiyo huwashinda: vali, vile vilango vya ndani vinavyozuia damu kurudi nyuma, hazifungi sawasawa, damu inashuka badala ya kupanda, na ikifika jioni kifundo kimejaa, mguu mzito.

Ndiyo maana daktari huanza na altrasaundi, ahakikishe vena za ndani ni nzima. Kisha, kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, hupitisha mrija mwembamba wa leza au mawimbi ya redio unaouziba mshipa kwa joto. Damu huhamia kwenye mishipa mizima. Vile vishipa vyembamba kama nyuzi hudungwa dawa ya kuvisinyaza, mara nyingi kwa awamu kadhaa. Soksi za kubana hupunguza uvimbe na maumivu, ila hazitengenezi vali. Mwenye kidonda kisichopona karibu na kifundo asikae nacho nyumbani.