Shingo ikipinda baada ya dawa, tazameni dawa kwanza

Kisa hiki si kigeni Unguja wala Pemba. Kijana kapewa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, au kachomwa haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili. Siku hiyo hiyo, au baada ya siku mbili tatu, shingo inampinda upande, macho yanageuka juu na kuganda huko, taya zinakaza. Akili zake anazo, anasikia kila linalosemwa, na linalosemwa ni kwamba kapandwa. Ubani unafukizwa.

Lililompata lina maelezo, na mengi tumeyapata kwa wanyama wa maabara.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Sweden, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, iliyokuwa dawa ya presha. Sungura wakalala kimya, masikio yameanguka. Walipochomwa L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, haukupita muda masikio yakasimama na wakaanza kutembea. Misuli yao haikuwa na kasoro. Iliyopungua ni dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe baina ya seli za ubongo. Kazi yake juu ya dopamini ilimpatia Carlsson Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Haloperidoli haimalizi dopamini. Huvikalia vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, kama abiria aliyekalia kiti cha mwenzake: mwenyewe anafika, hana pa kukaa. Mpe panya dawa hiyo kwa kipimo cha kutosha, kisha mwekee miguu ya mbele juu ya kijiti. Panya mzima hushuka mara moja. Huyu hubaki vile vile ulivyomweka, macho wazi. Metoklopramidi nayo huvikalia vipokezi hivyo hivyo, ingawa watu huiona ni dawa ya tumbo tu.

Kwa mgonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka na kukakamaa, seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, na L-dopa ndiyo tiba yake kuu mpaka leo. Imo hata kwenye mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha kondeni. Tafadhali msimchemshie mzee: kipimo hakijulikani, na ikizidi huteremsha presha na kumfanya aone visivyokuwepo.

Turudi kwa kijana wetu. Apelekwe hospitali na paketi ya dawa aliyopewa, na haraka zaidi akipata tabu ya kupumua. Akiwa na homa au kidonda pia asicheleweshwe, kwani homa ya uti wa mgongo na pepopunda nazo hukaza shingo. Ikiwa ni dawa, sindano kama ya promethazini mara nyingi humfungua ndani ya nusu saa. Anayetaka kumsomea amsomee ndani ya gari. Aliye kwenye haloperidoli asikatiziwe dawa kimyakimya. Daktari hupunguza kipimo au huongeza benzheksoli, dawa ya kulegeza mkazo huo. Na jina la dawa iliyompinda liandikwe kwenye daftari lake la hospitali, maana akitapika tena mwakani, daktari mwengine anaweza kumwandikia ile ile.