Je, wajua kwa nini mtambo wa majitaka ukifungwa samaki hufa mbali na bomba?

Mtambo wa majitaka wa mji mdogo ukifungwa, uchafu ukaachwa utiririke mtoni, watu hukimbilia kuchunguza pale bomba linapomwaga. Maji ni ya kijivu na yananuka, lakini kipimo cha oksijeni kinaweza kusoma miligramu 6 kwa lita, na samaki wengi huishi humo. Fuata mto kilomita kadhaa hadi maji yanapoonekana yametulia, harufu imepungua, kisha pima tena: 2. Samaki wanaelea hapo.

Wanaoimaliza oksijeni ni bakteria, walewale waliokuwa wakifugwa mtamboni. Kazi ya mtambo ni kuwapulizia hewa ndani ya tangi ili wale uchafu humohumo. Oksijeni wanayoitumia katika siku 5 huitwa BOD. Kwa majitaka ghafi ya majumbani huwa kama miligramu 200 hadi 300 kwa lita. Mtambo mzuri huishusha hadi 30 au chini zaidi. Sasa tazama mto wenyewe: maji ya nyuzi 25 za Selsiasi hayabebi zaidi ya miligramu 8 na kitu za oksijeni kwa lita.

Bakteria hawali kwa dakika moja. Wanakula huku mkondo ukiwabeba, na hewa inayoingia kutoka juu haifidii kwa kasi hiyo, ndiyo maana oksijeni huporomoka mbali na bomba. Shimo hilo la oksijeni lilipigiwa hesabu mwaka 1925 na Streeter na Phelps, waliouchunguza mto Ohio wa Marekani, na kanuni yao bado inatumika. Kwa hiyo anayechukua sampuli moja tu, tena mdomoni mwa bomba, amejidanganya. Apime mto kabla haujafika kwenye bomba, kwenye bomba lenyewe, na sehemu kadhaa baada yake, ikiwezekana kabla ya jua kuchomoza: usiku mimea ya majini hutumia oksijeni bila kuizalisha.

Kufunga mtambo kwa utaratibu huanza kwa kuyapa majitaka njia nyingine, mara nyingi bomba la kusukumia hadi mtambo wa jirani. Pampu ikizimika, chemba iliyo bondeni kabisa ndiyo hufurika kwanza, basi pampu ya akiba na jenereta si anasa.

Kisha kuna tope lililobaki matangini. Hutolewa, hukamuliwa maji na kupimwa metali nzito kabla ya kuamuliwa liende wapi. Likiachwa, mvua kubwa hulisomba. Asiingie mtu tangini bila kipima gesi: haidrojeni salfaidi hunuka yai viza, lakini ikizidi hufisha pua, na aliyemo hudhani imeisha.

Kosa la ajabu zaidi ni kuacha tangi la zege tupu. Maji ya ardhini yakipanda huliinua kama mashua, likapasuka na kung'oa mabomba. Dawa yake ni kutoboa sakafu baada ya kulisafisha, kisha kulijaza kifusi.

Hata yote yakifanyika sawasawa, kijito chaweza kudhurika. Kiangazi, maji yaliyosafishwa huweza kuwa sehemu kubwa ya yote yapitayo humo. Yakihamishiwa bonde jingine, kinachobaki ni madimbwi yenye joto, na oksijeni hushuka bila tone la majitaka kumwagwa.