Mtoto mwenye ulemavu naye aulizwe: maswali ya wazazi wa Kigoma

Maswali haya huulizwa na wazazi wanaoleta watoto kwenye mazoezi ya viungo hapa Kigoma. Mara nyingi mtoto mwenyewe amekaa palepale, anasikia.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, haongei. Maoni atayatoaje?

Kutoongea si kutoelewa. Mtindio unaweza kukaza misuli ya mdomo na ulimi huku mtoto akifuatilia kila kinachosemwa. Mama mara nyingi ameshajua: akitaka maji anatazama ndoo, akichoka anageuza uso. Hayo ndiyo maoni, tuanzie hapo. Mwoneshe vitu viwili, tuseme kikombe na mpira, usubiri aangalie kimoja. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, maana mwili wake unachelewa kujibu. (Hapo ndipo sisi wakubwa hushindwa, tukamjibia.) Kisha mkubaliane ishara ya "ndiyo" na ya "hapana", nyumba nzima iijue, hadi bibi. Na kama nyumbani mnaongea Kiha, muulizeni kwa Kiha.

Huku si kumdekeza?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki maamuzi yanayomhusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka huohuo, unaongeza kwamba asaidiwe kuyatoa kulingana na umri na ulemavu wake. Lakini mzazi akiniuliza hivi huwa siendi kwenye sheria, naenda kwenye kiti. Kiti mwendo kilichochaguliwa bila mtoto huweza kuishia kuanikiwa nguo. Anayeishi Kibirizi atakwambia magurudumu membamba yanazama mchangani. Wa milimani atakwambia anaogopa mteremko.

Tumuulize nini hasa?

Msimuulize "unataka nini", ni swali kubwa mno. Pitieni naye siku yake, kuanzia kuamka hadi kulala: wapi unakwama, nani anakusaidia, ungependa akusaidie nani? Mkifika shuleni, ulizeni habari za choo. Wazazi hutaja umbali na ada. Mtoto, akipewa nafasi, hutaja choo: tundu asiloweza kuchuchumaa, mlango usiofungika, kubebwa na wenzake wanaomcheka. Yupo anayeacha kunywa maji asubuhi ili asiombe kwenda. Matokeo yake ni kupata choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo, na nyumbani mnashangaa homa imetoka wapi. Binti aliyekaribia kuvunja ungo aulizwe na mwanamke anayemwamini, faraghani.

Akikataa mazoezi je?

Simamisha kwanza, umwambie aoneshe panapouma. Kwa mtoto mwenye mtindio, nyonga inaweza kusogea polepole kutoka mahali pake, na kilio kikawa dalili ya mwanzo. Mpelekeni akapimwe, msimshike kwa nguvu. Kama haumwi, huenda amechoka tu, au hapendi kufanyiwa mbele ya watu.

Mtoto wa mgongo wazi ni tofauti. Miguu na makalio vinaweza kukosa hisia, kwa hiyo akisema "siumwi" bado mkague ngozi kila siku, asije akapata kidonda.

Na dawa ya kifafa akiikataa?

Hiyo haipigiwi kura. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokoma. Anachoweza kuchagua ni anyweshwe na nani, au ainywe na uji au na maji. Akilalamika inamlevya au inamtia usingizi darasani, mwambieni daktari, kipimo huweza kurekebishwa.

Daktari ananiuliza mimi tu, mtoto hamtazami.

Mgeukie mtoto, useme: "Daktari, mwenyewe yupo. Akiangalia juu ni ndiyo, akifumba macho ni hapana." Halafu nyamaza.