Mashine ya Jicho Getini na Mwanga Usioonekana

Juzi niliitwa kwenye godauni moja huku Shimanzi, Mombasa. Wafanyakazi walikuwa wamegoma kutumia mashine niliyowafungia miezi mitatu nyuma, ile ya kuandika saa za kuingia kazini, inayosoma jicho badala ya kidole. Mzee mmoja wa getini hakunizungusha: "Mwanangu, hii taa yako inatutia mtoto wa jicho. Kila jioni macho yawasha, machozi yatutoka."

Sikumbishia. Nilitoa rimoti ya TV kwenye mfuko wa kazi, nikaielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu yake, nikabonyeza. Kwenye kioo cha simu kikawaka kijitaa cha zambarau. Kwa macho matupu hakuona kitu. Mwanga wa mashine ni ndugu wa huo. Unaitwa infraredi, na mashine nyingi za jicho hutumia wa mawimbi yenye urefu wa nanomita 850 hivi, nje kidogo ya upeo wa macho yetu. Ukikaribia gizani utaona wekundu hafifu, basi.

Mbona isitumiwe taa ya kawaida? Kwa sababu macho yetu wengi ni ya kahawia iliyokoza. Ukiyapiga picha ya kawaida, ile duara inayozunguka mboni hutoka nyeusi tu, maana melanini, ile rangi nyeusi ya mwilini, imeumeza mwanga. Infraredi haimezwi sana, kwa hiyo mistari na vitundu vya duara hiyo hujitokeza kama nakshi za kofia iliyoshonwa kwa mkono. Mashine husoma nakshi hizo.

Hofu ya mzee ina asili yake. Mafundi wa vioo na wayeyusha chuma wa zamani walipata mtoto wa jicho kwa kukaa miaka mbele ya tanuru, na joto la tanuru kwa sehemu kubwa ni infraredi. Kuna jingine linalonishughulisha zaidi mimi fundi. Mwanga mkali ukikupiga, unapepesa ndani ya robo sekunde hivi na mboni inabana. Infraredi haiamshi kinga hiyo. Ile iliyo jirani na mwanga unaoonekana hupenya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na lenzi hadi retina, utando wa nyuma unaopokea picha, na mwenye jicho amelikodoa tu, hana habari.

Ndiyo maana kipimo hakiachiwi hisia za mtu. Kwa anayetazama zaidi ya sekunde 1,000, mwongozo wa kimataifa unataka infraredi inayofika jichoni isizidi wati 100 kwa mita mraba. Jua la utosi hapa Mombasa humwaga chini karibu wati 1,000, na karibu nusu yake ni infraredi. Taa za LED za mashine nzuri hutawanya mwanga, huwaka sekunde chache, na hupimwa kwa IEC 62471, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taa, cha mwaka 2006. Kusema kweli, mimi namhofia zaidi mchoma mishkaki anayeinamia mkaa tangu magharibi mpaka usiku wa manane.

Nisichokubali ni mashine isiyo na karatasi ya kiwango hicho, au mteja anayetaka nipachike taa ya kamera ya ulinzi pembeni "ili isome kwa mbali." Watu hawatakaa mbali nayo siku zote, na kwa taa ndogo, ukipunguza umbali nusu, nguvu inayofika jichoni huwa mara nne. Hapo mahesabu ya kiwandani hayana kazi tena.

Lakini machozi ya mzee yalikuwa ya kweli, kwa hiyo nilikaa hadi alasiri. Jua lilipoinama upande wa Kilindini, likaingia getini moja kwa moja, likapiga nyuso za watu na kioo cha mashine. Jua nalo lina infraredi, basi kamera ikapofuka. Ikawa inasema sogea, fungua macho, rudia. Kijana mmoja alikodoa karibu dakika nzima bila kupepesa, malori yakimtimulia vumbi. Jicho lililokauka namna hiyo litaacha kutoa machozi?

Kosa lilikuwa langu: niliifunga asubuhi, jua likiwa nyuma ya godauni. Niliihamishia ndani ya kibaraza, ukuta wa pili, mahali pasipofikiwa na jua. Mzee nilimsihi aende kliniki ya macho hata hivyo, kwa umri wake.

Wiki iliyofuata alinipigia. Macho hayawashi tena. Sasa analalamika kwamba mashine yasoma upesi mno, imemwandika amechelewa dakika nne.