Pipa la mboji halihitaji kuzungushwa kila siku

Wanaonunua pipa la kuzungusha, la kuozeshea mabaki ya jikoni yawe mboji, hapa Nairobi mara nyingi huambiwa walizungushe kila siku, na baada ya wiki 2 mboji itakuwa tayari. Si kweli. Joto ndilo huharakisha kuoza, na pipa la lita 200 ni dogo mno kulishika vizuri. Kila ukizungusha linapoa, hasa kwenye baridi ya Julai. Zungusha mara 5 au 6 kila baada ya siku 3. Inatosha.

Kinachoharibu zaidi ni maji mengi yaliyomo kwenye mabaki. Maganda ya ndizi na mabua ya sukuma wiki yakiwa peke yake hujiviringisha kuwa madonge. Lipasue moja, ndani linanuka yai viza kwa sababu hewa haifiki. Yavunje kwa mkono, kisha kwa kila ndoo ya mabaki tia ndoo 2 za majani makavu au maboksi yaliyochanwa. Minya konzi moja: tone 1 au 2 likidondoka, unyevu uko sawa.

Pipa likifika robo tatu, acha kuongeza. Maganda mabichi ya kila jioni yaende kwenye ndoo nyingine, la sivyo mboji haitaiva kwa pamoja. Tarajia miezi 2 hadi 3.