Bamia Haifiki Gotini

Shangazi yangu huloweka bamia kila usiku. Anazikata vipande, anazifunika kwenye glasi ya maji, na alfajiri anakunywa mlenda wake kabla hajatia kitu kingine kinywani. Goti lake la kulia linamuuma akipanda ngazi, na kuna mtu alimwambia ute wa goti umekauka, bamia itaurudisha. Nimebishana naye mpaka nimechoka. Siku hizi namuuliza kitu kimoja tu: shikamoo shangazi, huo ute ukishafika tumboni, unashika njia gani kwenda gotini?

Njia haipo. Ute wa bamia ni nyuzinyuzi ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya. Zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, zinasaidia kupata choo, na safari yake inaishia hapo. Supu ya kongoro nayo, pamoja na utamu wake wote, huvunjwavunjwa tumboni kama nyama nyingine yoyote. Haina anwani ya goti.

Ute wa goti hutengenezwa gotini penyewe. Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba uitwao sinovia. Utando huo huchuja majimaji kutoka kwenye damu, kisha seli zake huyaongezea asidi ya hayaluroni na protini iitwayo lubrisini, vitu viwili vinavyoufanya ute uteleze. Wala si mwingi. Goti ndilo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, lakini likiwa zima ute wake haujazi hata kijiko cha chai.

Sasa sikia kinachowashangaza wengi: goti linalouma na kuvimba kwa kawaida halina upungufu wa ute, lina ute uliozidi. Ndiyo maana daktari anaweza kuchoma sindano na kuvuta bomba zima la majimaji. Kilichoharibika ni ubora wake. Umekuwa mwepesi kama maji, hautelezi kama zamani. Kumwambia mtu huyo kwamba goti lake limekauka ni kumweleza kinyume cha kilichomo ndani.

Nadhani tumeyatoa haya gereji. Tunalizungumzia goti kama fundi anavyozungumzia beringi: grisi imeisha, ongeza grisi. Mfano huo unatupotosha pia kwenye jambo la pili, kwamba chuma kisichotumika hakiliki, kwa hiyo goti likiuma dawa yake ni kukaa.

Ncha za mifupa inayokutana zimevikwa gegedu, tabaka laini na jeupe. Kwa mtu mzima, gegedu haina mishipa ya damu. Haina hata mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu yenyewe hutoka kwenye sehemu nyingine za kiungo. Sasa inakula nini? Inakula kutoka kwenye ule ute. Ukikanyaga, gegedu inabinywa kama sifongo na kutoa taka. Ukinyanyua mguu, inafyonza ute wenye chakula. Mtu anayekaa kutwa nzima kwenye kiti kwa kuogopa kulimaliza goti analinyima mlo. Wakati huohuo msuli wa mbele ya paja, ambao ndio hulishikilia goti lisiyumbe, unazidi kunywea. Akisimama baada ya miezi mitatu maumivu yameongezeka, naye anasema: mnaona, nilijua limekwisha.

Kukimbia je? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kulika kwa viungo vya goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa ajili ya afya tu, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanaokimbia kwa mashindano. Nakiri kwamba wenye magoti mabovu huenda waliacha kukimbia mapema, na hiyo inapendezesha takwimu za wakimbiaji. Hata hivyo, mtu anayezunguka uwanja wa mtaani jioni hana cha kuogopa. Uzito wa mwili una hesabu kali zaidi: kwa mtu mnene mwenye goti bovu, kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Zidisha kwa hatua za siku moja.

"Ni baridi tu imemwingia"

Hapa lugha yetu yenyewe ina lawama. Ugonjwa wa viungo tunauita baridi yabisi, na yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Katika tiba ya kale, ile ya Wagiriki iliyoendelezwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, kila ugonjwa ulipimwa kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Tiba hiyo imekwenda zake, jina limebaki na uchunguzi wake ndani. Mgonjwa anavaa sweta, anajipaka dawa ya kuchua, anaacha kuoga maji ya baridi, anangoja.

Baridi inaweza kufanya viungo vikakamae na maumivu yasikike zaidi, sawa. Haianzishi ugonjwa. Wakazi wa Mombasa na Lindi, wanaotoka jasho mwaka mzima, wanaugua viungo kama wengine. Chini ya jina hilo moja kuna maradhi tofauti kabisa. Kuna kulika kwa gegedu, ambako huja taratibu na umri, uzito au majeraha ya zamani. Kuna jongo, ambapo fuwele za asidi ya yuriki hujikusanya kiungoni na kumwamsha mtu usiku wa manane, dole gumba la mguu likiwaka moto. (Tunaisingizia nyama choma peke yake, kumbe karibu theluthi mbili ya asidi hiyo hutengenezwa na mwili wenyewe, na kosa kubwa mara nyingi ni la figo kushindwa kuitoa.) Na kuna ule ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa sinovia. Huo hupenda viungo vidogo vya vidole, mikono yote miwili kwa pamoja, na asubuhi ugumu wake huweza kukaa zaidi ya saa nzima. Kwa huu wa mwisho, kungoja ni hasara isiyorudi. Mfupa huanza kumomonyoka mapema, na dawa za kuituliza kinga zinafanya kazi nzuri zaidi zikianza kabla ya hapo. Mama wa miaka 35 anayeshindwa kufunga vifungo asubuhi hahitaji sweta.

"Acha kuvunja vidole, utapata ugonjwa wa viungo"

Kinacholia si mfupa. Ukivuta kidole, nafasi ndani ya kiungo inapanuka ghafla, mgandamizo wa ute unashuka, na gesi iliyoyeyuka humo inafanya kiputo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walikipiga picha kiungo kikiwa ndani ya mashine ya MRI na kuona kiputo kikizaliwa wakati ule ule wa mlio. Gesi huchukua kama dakika 20 kuyeyuka tena, ndiyo maana kidole hakikubali kulia mara mbili mfululizo.

Daktari mmoja wa California, Donald Unger, aliyechoshwa na onyo hilo tangu utotoni, alivunja vidole vya mkono wa kushoto tu kwa miaka 50, wa kulia akauacha uwe wa kulinganishia. Mwaka 1998 akachapisha matokeo: mikono yote miwili mizima, bila tofauti. Ni mtu mmoja, haitoshi kuwa sayansi, lakini ukaidi wake naupenda. Mlio unaokuja na maumivu au uvimbe ni habari nyingine.

"Goti ni bawaba"

Tulifundishwa hivyo shuleni: bega na nyonga ni mpira ndani ya kikombe, kiwiko na goti ni bawaba za mlango. Kaa kwenye kiti, goti limekunjwa, shika paja lisisogee, kisha zungusha unyayo ndani na nje. Goti limezunguka. Sasa nyoosha mguu kabisa, ujaribu tena. Kinachozunguka ni nyonga, goti limegoma. Katika digrii za mwisho za kunyooka, mfupa wa paja na wa muundi hujipinda kidogo na kukazana kama kifuniko cha chupa. Kufuli hilo ndilo linalomwezesha mtu kusimama kwenye foleni saa nzima bila misuli ya paja kuchoka haraka. Msuli mdogo nyuma ya goti ndio unaofungua kufuli unapotaka kukunja.

Mkono nao una siri yake. Weka viganja juu kama unaomba dua, kisha vigeuze vitazame chini. Wengi watakwambia kilichogeuka ni kifundo cha mkono. Shika kigasha kwa mkono wa pili ugeuze tena: utasikia mfupa wa upande wa dole gumba ukivuka juu ya mwenzake. Vilevile mkono ukiunyanyua hadi juu ya kichwa, bega halifanyi kazi peke yake, karibu theluthi moja ya mwendo huo ni bapa la bega linaloteleza mgongoni.

Na wale vijana wa sarakasi wanaosemwa hawana mifupa, au wana viungo viwili viwili? Idadi yao ya viungo ni sawa na yako. Kano zao, kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, ndizo zilizolegea zaidi, wengine kwa kuzaliwa, wengine kwa mazoezi.

"Ameteguka tu, mkandeni kwa maji ya moto"

Si siku ya kwanza. Kano zikichanika, mishipa midogo ya damu huchanika nayo, na kukanda kwa moto huongeza uvimbe. Siku mbili tatu za mwanzo ni za barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, na mguu kuinuliwa. Wala usiamini kwamba anayeweza kuchechemea hajavunjika. Asipoweza kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo cha mguu akaruka, anahitaji picha ya eksirei. Bega likichomoka, asitokee mwenye nguvu wa mtaa akalivuta: jirani kabisa na kiungo hicho kuna mshipa wa fahamu na mshipa mkubwa wa damu wa kwapani. Mfunge mkono kwa kanga kama ulivyo, umpeleke hospitali.