Je, wajua kwa nini jasho humtoka mwanamke usiku wa baridi?

Julai kule Njombe watu hulala na mablanketi mawili. Katika baridi hiyo hiyo, mama wa miaka 48 anaamka saa nane za usiku uso na kifua vinawaka, khanga imelowa, moyo unamwenda mbio. Dakika chache baadaye anatetemeka. Kwetu, jasho likifuatiwa na kutetemeka, wa kwanza kushtakiwa ni mbu. Anapima malaria, hana. Anaweka kipimajoto kwapani, hata homa hana.

Kisa kinaanzia kwenye estrojeni, homoni inayotengenezwa zaidi na ovari, lakini fujo yenyewe iko kichwani. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi ndiyo inayosimamia joto la mwili, na kwa kawaida huvumilia mabadiliko madogo bila kufanya lolote. Estrojeni ikipungua, kama inavyotokea hedhi inapokaribia kukoma, seli fulani za neva ambazo homoni hiyo ilikuwa ikizituliza huchachamaa, na uvumilivu ule hupungua mno. Ukinywa chai ya moto au ukajifunika blanketi zito, ubongo unadhani mwili umechemka. Unaamuru mishipa ya damu kwenye ngozi itanuke na jasho limwagike. Joto linapotea kweli, tena kupita kiasi, ndipo baridi inapoingia. Kuzifahamu seli hizo kumezaa fezolinetant, dawa isiyo ya homoni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023.

Joto hilo ndilo lenye kelele, ila dalili nyingine hujificha. Ngozi ya ndani ya uke huwa nyembamba na kavu, tendo la ndoa linauma, na bakteria walinzi wa pale hupungua. Haja ndogo inachoma, mama anapewa antibiotiki za U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo), anamaliza dozi, hali inarudi. Wengi huona aibu kulitaja suala la ukavu hata mbele ya daktari, na kwa aibu hiyo wanameza dawa zisizowahusu. Mifupa nayo hupungua uimara kimyakimya, kwa kasi zaidi miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma.

Si umri peke yake unaoshusha estrojeni. Mama anayenyonyesha huwa nayo kidogo, na ukavu anaousikia huisha mzunguko ukirudi. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huishusha pia. Mkimbiaji anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo anaweza kukosa hedhi kwa miezi. Asifurahie kupumzika na pedi, mifupa yake inalipa gharama. Aliyeondolewa ovari zote mbili huvamiwa na dalili ghafla, bila mteremko.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini imeshuka, na hapo ndipo nina ugomvi na wauzaji wa mitandaoni wenye chupa moja ya “kurekebisha homoni” kwa kila mwanamke. Hata kipimo cha damu cha siku moja hakitoshi, maana kwa mwanamke mzima wa afya kiwango kinaweza kupanda mara kumi ndani ya mwezi mmoja. Aliyevuka miaka 45, mwenye joto na hedhi iliyovurugika, kwa kawaida hutambuliwa kwa maelezo yake tu. Aliye chini ya 40 ambaye hedhi imekatika ndiye anayehitaji vipimo, cha ujauzito kikitangulia.

Tiba ya kurudisha homoni ndiyo yenye nguvu zaidi dhidi ya joto. Iliogopwa sana baada ya utafiti mkubwa wa Marekani kusitishwa mwaka 2002 kwa sababu ya saratani ya matiti na maradhi ya moyo, lakini washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa mwenye afya aliye chini ya 60, au ambaye hedhi ilikoma chini ya miaka 10 iliyopita, faida mara nyingi huzidi hatari. Mwenye mji wa mimba lazima apewe na projesteroni, homoni nyingine ya kike, la sivyo estrojeni pekee huunenepesha utando wa ndani hadi kuhatarisha saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu au kiharusi huelekezwa njia nyingine.

Ukavu peke yake hutibika kwa krimu ya estrojeni ya ukeni, au kilainishi cha maji kutoka duka la dawa. Soya husaidia kidogo mno. Kwa mifupa, kula dagaa na miiba yake, tembea, beba vitu vizito, na sigara uiache.

Damu ikionekana tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, usiihesabu kuwa hedhi iliyorudi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo, maana saratani ya mji wa mimba mara nyingi hujitangaza hivyo.